KIZUIZI CHA BARABARANI NA BEI YA UNGA

Asubuhi, kabla gwaride halijapangwa hapa Buluk, askari wengi huketi kwanza kwa mama chai. Kiti kifupi, bilauri ndogo, vijiko viwili vya sukari, na andazi moja kama mfuko waruhusu. Mazungumzo ya hapo hayabadiliki: sukari imepanda, unga umepanda, dola imepanda. Kisha filimbi hulia, bilauri hurudishwa, na kila mtu huenda kushika zamu yake.

Leo twapenda kuyaendeleza mazungumzo hayo pale yalipokatizwa na filimbi. Maneno kama utandawazi, sera ya biashara na mabadiliko ya uchumi wa dunia huonekana kuwa ni maneno ya mawaziri, na ya wataalamu wanaopanda ndege kwenda mikutanoni. Askari huyasikia redioni akadhani hayamhusu. Lakini na tuitazame tena ile bilauri. Majani ya chai yamevuka mpaka. Sukari imevuka mpaka. Ngano ya andazi huenda imevuka bahari kabla ya kuvuka mpaka. Lori lililovibeba vyote hivyo limetumia dizeli iliyonunuliwa kwa dola. Vya nyumbani ni maji ya Nile, mkaa, na mikono ya mama aliyeyachemsha. Kabla askari hajavaa kofia yake, amekwisha kuwa mteja wa soko la dunia.

Tunalotaka kulisema ni jambo moja. Sera ya biashara ya nchi huandikwa wizarani na kupitishwa bungeni, lakini hutimizwa, au huharibiwa, na mtu mwenye sare aliyesimama barabarani. Mtu huyo ni sisi. Na kila fedha inayotozwa barabarani bila sheria na bila stakabadhi humrudia askari mwenyewe, nyumbani kwake, katika bei ya unga.

Mshahara wetu watoka wapi

Nchi yetu ilipopata uhuru Julai 9, 2011, ilirithi yapata robo tatu ya mafuta yaliyokuwa yakichimbwa katika Sudan iliyokuwa moja. Lakini mabomba marefu na bandari vilibaki kaskazini. Mafuta yetu husafiri zaidi ya kilomita 1,300 hadi Port Sudan, ndipo yapakiwe melini kwenda kwa wanunuzi, ambao wengi wao wako Asia. Kwa miaka mingi zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato ya Serikali zimetoka katika mafuta hayo. Kwa hiyo mshahara wa askari wa Sudan Kusini umekuwa ukiamuliwa katika mahali pengi ambapo askari huyo hatafika kamwe.

Tumeyaona hayo kwa macho yetu. Januari 2012, kwa sababu ya ugomvi juu ya malipo ya kupitisha mafuta, visima vyetu vilifungwa, na mafuta hayakuanza kutiririka tena mpaka Aprili 2013. Desemba mwaka huo huo vita vikazuka kati yetu wenyewe, na uchimbaji ukapungua. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta katika soko la dunia liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Februari 2024, kwa sababu ya vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023, bomba kubwa litokalo Paloch liliharibika, na sehemu kubwa ya mafuta yetu ikakwama kwa karibu mwaka mzima. Mishahara iliyokuwa tayari inachelewa ikachelewa zaidi. Hakuna familia ya askari isiyoikumbuka miezi ile.

Tena liko jambo la thamani ya fedha. Desemba 2015 pauni yetu iliachwa ijitafutie bei yake sokoni. Siku moja kabla, dola moja ilikuwa pauni 2.95, siku iliyofuata ikawa pauni 18 na nusu hivi. Tufanye hesabu ya mfano. Askari aliyekuwa akipokea pauni 590 alikuwa na mshahara wa dola 200. Keshoye alikuwa na pauni zile zile 590, zenye picha ile ile ya Marehemu Dakta John Garang, lakini zilikuwa ni dola 32 tu. Hakuna aliyemwibia na hakuna aliyepunguza tarakimu katika orodha ya malipo. Hata hivyo unga wake, uliokuwa ukinunuliwa kwa dola ng'ambo ya mpaka, ulimkimbia. Kufikia mwaka 2024 dola moja ilikuwa imepita pauni 1,000.

Hilo ndilo soko la dunia kwa nchi yenye kitu kimoja cha kuuza na mlango mmoja wa kukitolea. Mwenye kitu kimoja hapangi bei, hupangiwa. Mwenye mlango mmoja huomba ruhusa kila siku. Ndiyo maana Serikali inahitaji mfuko wa pili, na mfuko huo ni ushuru halali wa forodha na kodi ya biashara. Lakini mfuko wa pili hauwezi kujaa ikiwa umetobolewa njiani.

Kilomita mia moja tisini na mbili

Mlango wetu mkubwa wa bidhaa ni Nimule. Kontena likishushwa Mombasa hupita Nairobi, huingia Uganda, hupanda hadi Gulu, hufika Elegu, ndipo livuke na kuingia kwetu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Kipande cha mwisho, kutoka Nimule hadi Juba, ni kilomita 192 tu. Barabara hiyo ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani na kukamilika mwaka 2012, nayo ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi hii. Siku ile wananchi walifurahi, wakasema sasa bei zitashuka.

Lami ilipunguza safari. Haikupunguza mikono iliyonyoshwa njiani. Mwaka 2021 watafiti waliohesabu vizuizi katika barabara na mito ya nchi yetu walivipata zaidi ya 300. Mwaka huo huo madereva kutoka Kenya na Uganda waligoma kuingia kwetu baada ya wenzao kuuawa barabarani, na malori yakapanga foleni ndefu huko Elegu. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2024 zilikuja tozo mpya juu ya mafuta na malori, zikiwamo za kufuatilia mizigo na za ulinzi wa msafara. Malori ya mafuta yakakwama mpakani, hata Umoja wa Mataifa ukasimamisha kudondosha chakula kwa ndege kwa wananchi wenye njaa. Mei mwaka huo Serikali ikaziondoa tozo hizo. Ilifanya vyema. Lakini tozo iliyoandikwa yaweza kufutwa kwa kalamu. Ile isiyoandikwa popote yafutwa na nani?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kukagua ni kosa. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiwa Nimule kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota katika nafaka iliyoanikwa vibaya. Kuzuia sumu isifike katika sufuria za wananchi ni kazi ya heshima. Kukamata bunduki zilizofichwa chini ya magunia ni kazi ya heshima. Kizuizi chenye amri, chenye ofisa anayejulikana, chenye daftari, na kinachotafuta kitu kinachojulikana, ni sehemu ya ulinzi wa taifa. Kizuizi kisichokuwa na lolote kati ya hayo, ila kamba iliyofungwa kati ya mti na pipa, hakilindi kitu.

Gunia la vitunguu

Mwandishi wa maneno haya hana haki ya kujitoa katika jambo hili. Alipokuwa luteni usu, miezi michache tu baada ya kutoka chuo cha maofisa, alisimamia kituo katika barabara fulani. Siku moja lilisimamishwa gari dogo la mama mmoja mchuuzi. Hati zake zilikuwa sawa. Vijana wa zamu wakashusha nusu gunia la vitunguu, na luteni akageuza uso kama asiyeona, kwa kuwa jikoni mwa kikosi hakukuwa na kitoweo. Mama yule hakupiga kelele wala hakuomba. Alisema tu, “Chukueni, wanangu. Nitayaweka juu ya bei.”

Maneno hayo machache yana elimu zaidi ya vitabu vingi vya uchumi. Mchuuzi hali hasara ya njiani, huigawa. Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu. Lori lina mifuko 600 ya unga. Njiani pana vizuizi kumi, na kila kimoja chataka pauni 30,000. Jumla ni pauni 300,000, yaani pauni 500 juu ya kila mfuko. Hapo bado hatujahesabu siku mbili za kungoja, dereva anayedai nyongeza kwa kuhatarisha maisha yake, riba ya mkopo unaozidi kukua lori likiwa limesimama, na nyanya zilizooza chini ya turubai. Mwenye lori huviweka vyote hivyo katika bei, kisha huongeza faida yake juu ya jumla. Mwenye duka naye huongeza ya kwake. Fedha ndogo iliyoingia mfukoni mwa askari mmoja hufika sokoni Konyo Konyo ikiwa imenenepa, na huko inamsubiri mke wa askari mwingine.

Wako wanaofaidi? Wako, lakini ni wachache. Aliye kwenye kizuizi leo anapata. Aliye lindoni Malakal hapati, naye hununua unga ule ule. Muuguzi hapati. Mjane wa mpiganaji hapati. Askari yule yule akihamishiwa makao makuu mwezi ujao hatapata tena, ila bei alizozisaidia kupanda atazikuta zinamngoja.

Neno la haki kwa askari asiyelipwa

Tunajua jibu litakalotolewa bwenini. Askari atasema: “Afande, mimi sijapokea mshahara. Watoto wangu wanakula nini?” Swali hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Askari anayelinda nchi astahili kulipwa kwa wakati na kulipwa fedha yenye thamani. Chuoni tulifundishwa kwamba kamanda, kabla ya kuuliza adui yuko wapi, humwuliza ofisa ugavi kuna nini ghalani. Serikali inayomtuma askari barabarani na tumbo tupu imemtuma akatafute, hata kama haikutamka hivyo. Wanaohusika na hazina ya taifa walijue hilo, na walihesabu kuwa ni jambo la ulinzi, si jambo la uhasibu tu.

Lakini baada ya kulitambua hilo, yatupasa pia kumwambia askari ukweli wa upande wa pili. Kizuizi hakiondoi tatizo la mshahara, bali hulikuza. Fedha inayochukuliwa njiani haifiki Mamlaka ya Mapato. Isipofika, hazina haina pauni za kulipia mishahara, ila kungoja meli ya mafuta. Mfanyabiashara akichoka, hupeleka mali yake kwingine au huipitisha kwa njia za panya. Bidhaa zikiwa chache, bei hupanda. Bei ikipanda, mshahara utakapokuja utakuwa umepungua kabla haujahesabiwa. Askari wa namna hiyo anajikata posho kwa mkono wake mwenyewe.

Waliotutangulia

Historia ya hapa na ya majirani zetu yatuonya.

Ng'ambo ya mto, karibu kabisa na Juba, iko Gondokoro. Mwaka 1841 msafara uliotumwa na Muhammad Ali, mtawala wa Misri, ulifika huko kwa mashua, na njia ya Nile Nyeupe ikawa wazi kwa biashara ya dunia. Bidhaa iliyotakiwa ilikuwa pembe za ndovu. Ulaya na Marekani zilizihitaji kwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu. Wafanyabiashara kutoka Khartoum walikuja na watu wenye bunduki, wakajenga maboma waliyoyaita zeriba. Wenye bunduki wale hawakulipwa sawasawa. Mara nyingi ujira wao ulikuwa nguo na vyombo vilivyohesabiwa kwa bei ya juu, au ng'ombe na watu waliotekwa. Aliyekosa fedha alijilipa kwa mtutu. Biashara iliyoanza kwa shanga na pembe ikaishia katika kuchoma vijiji na kuuza binadamu. Watu waliikimbia mito na njia. Mahali palipokuwa na chakula cha kuuza hapakuwa nacho tena.

Majeshi ya Kituruki na Kimisri ya zama zile yaliiita kombania kwa jina la bölük, nasi leo jina la Buluk twalitamka kila siku. Na litukumbushe kwamba uchumi wa dunia si mgeni katika mji huu. Uliwahi kufika ukiongozana na askari wasiolipwa, na nchi hii ililipa gharama yake kwa vizazi.

Mfano wa pili ni wa Uganda. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa huko Brazil, na kahawa ikapanda bei duniani kote. Kwa mkulima wa Uganda ingekuwa neema. Lakini serikali ya Idi Amin ilimlipa mkulima kidogo, kwa shilingi iliyokuwa ikikosa thamani, basi kahawa ikavushwa kwa magendo. Mwaka 1976 soko la Chepkube, upande wa Kenya karibu na Mlima Elgon, lilijaa magunia yaliyovushwa usiku. Askari waliopewa kazi ya kulinda mpaka, wengi wao waliingia katika biashara hiyo, wakawa washirika wa magendo au wakatoza kila gunia lililopita. Wakubwa walitajirika, viwanda vikakosa vipuri, hospitali zikakosa dawa. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, jeshi lililokuwa na vifaru na ndege halikuwa na nidhamu ya kuvitumia, na Kampala ikatekwa Aprili 11, 1979. Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi. Lakini askari yeyote anaweza kujiuliza: kombania iliyozoea kuhesabu magunia kwa miaka mitatu, itakumbuka lini kuhesabu risasi?

Dunia inabadilika

Yako mageuzi mapya duniani yanayoongeza uzito wa jambo hili. Shirika la Biashara la Dunia lilipoundwa mwaka 1995, mataifa makubwa yalizihubiria nchi changa kwamba ushuru ushushwe na milango ifunguliwe. Aprili 2025 Marekani yenyewe ilitangaza ushuru wa ziada wa asilimia 10 juu ya bidhaa za karibu nchi zote, na zaidi ya hapo kwa nchi nyingi. Uchina ikajibu kwa ushuru wake. Sisi wenyewe tuliwahi kuonja: Marekani ilitupa nafasi ya kuuza kwake bila ushuru chini ya mpango wake wa AGOA, kisha ikatuondoa Januari 2015 vita vikiendelea. Mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba, mwenye nyumba huufunga.

Hata bahari si ile ya jana. Tangu Novemba 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, makampuni mengi yaliziamuru meli zao kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa bara letu. Safari ikirefuka, nauli hupanda, na nauli ya meli hufika Juba ikiwa imejificha ndani ya bei ya sabuni.

Hayo yote hatuwezi kuyazuia. Hakuna ofisa wa Buluk anayeweza kuiamuru meli, wala kushusha ushuru wa Marekani, wala kupandisha bei ya pipa. Nchi ndogo zinaloweza ni kushikamana na majirani na kuzisafisha njia zao wenyewe. Ndiyo sababu tulitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016. Jumuiya hiyo ina Umoja wa Forodha tangu mwaka 2005 na Soko la Pamoja tangu mwaka 2010. Msingi wake ni kwamba bidhaa iliyotengenezwa katika nchi mwanachama isitozwe ushuru wa forodha ikiingia katika nchi mwanachama nyingine, na inayotoka nje itozwe kwa kiwango cha pamoja. Mwaka 2017 tuliomba pia kujiunga na Shirika la Biashara la Dunia. Na tangu Januari 2021 nchi nyingi za Afrika zimeanza rasmi kufanya biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililotiwa saini Kigali mwaka 2018.

Mikataba hii ni karatasi mpaka ifike kwenye kizuizi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa na reli ya pamoja, shirika la ndege la pamoja na posta ya pamoja. Ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Ndugu waliokuwa wakiuziana mahindi kwa karne nyingi wakaitwa wafanya magendo. Karatasi haikuwasaidia kitu.

Tena tusidhani kwamba kizuizi humwumiza mgeni tu. Anayeumia zaidi ni mkulima wetu. Ardhi ya Yambio na ya Magwi ni nzuri kuliko mashamba mengi yanayotulisha kutoka ng'ambo. Ufuta, karanga, asali na mafuta ya lulu vya nchi hii vingeweza kuwa ndiyo mlango wetu wa pili wa kuuzia duniani, ili tusitegemee bomba peke yake. Lakini mfanyabiashara mwenye malori ishirini anaweza kuwalipa walioko njiani, na bado akapata faida. Mama mwenye magunia matano ya karanga hawezi. Akishakatwa mara tatu, mwaka unaofuata atalima za kula tu. Hivyo kizuizi kisicho halali kinampendelea tajiri wa nje na kumfukuza sokoni mkulima wa nyumbani. Hakuna waziri wa biashara ambaye angetunga sera ya namna hiyo, lakini ndiyo sera inayotekelezwa.

Wajibu wetu

Basi yatupasa kufanya nini? Tunataja machache yaliyo ndani ya uwezo wa askari na maofisa, bila kungoja mkutano wowote.

Kwanza, fedha ya Serikali haina budi kuwa na stakabadhi. Askari akiambiwa atoze, aulize ni kwa sheria gani na kwa kitabu gani. Fedha isiyo na stakabadhi si ushuru, na aliyeichukua si mkusanyaji wa mapato.

Pili, kila kamanda aijue idadi ya vizuizi katika eneo lake, amri iliyovianzisha, na jina la ofisa anayevisimamia. Kile asichoweza kukieleza akiondoe. Tena atembee mwenyewe barabarani, si kwa msafara wenye ving'ora unaotangaza kufika kwake, bali kimya.

Tatu, ulinzi wa malori ni kazi tunayolipwa na taifa. Dereva aliyelindwa asidaiwe bei ya uhai wake. Mwenzake aliyeuawa njiani alikuwa mgeni wetu, na mgeni huyo alikuwa amebeba chakula chetu.

Nne, askari polisi wa mpakani na wa barabarani wafundishwe kanuni za Jumuiya. Wengi hawajui kwamba kanuni hizo zinampa mchuuzi mdogo mwenye bidhaa za nchi wanachama zisizozidi dola 2,000 cheti rahisi cha uasili, kinachomwondolea ushuru wa forodha. Asiyeijua kanuni humdai mama mchuuzi asichodaiwa, naye hudhani anatenda kazi.

Tano, na hili ni la wakubwa, mshahara na ufike. Kila ushuru halali unaokusanywa Nimule uonekane katika bahasha ya askari, ili aone kwa macho yake kwamba lori lililopita salama ndilo lililomlipa.

Mara nyingi huulizwa: je, taifa changa litaishije katika dunia ambayo wakubwa wanagombana kwa ushuru na bei hubadilika usiku mmoja? Sehemu kubwa ya jibu iko mbali nasi. Lakini kipo kipande cha kilomita 192 ambacho hakiko Washington, wala Beijing, wala Port Sudan. Kiko mikononi mwetu. Tukikisafisha hicho, tutakuwa tumefanya kazi ambayo hakuna mkutano wa kimataifa unaoweza kutufanyia.

Luteni yule wa vitunguu hakuwahi kumwona tena mama mchuuzi. Angependa kumlipa. Kwa kuwa haiwezekani, anawaomba ndugu zake wa zamu ya leo, popote walipo barabarani, wamwache mama mwingine apite.